Jamaa Aliyeshinda Survivor Sasa Anauza Tairi Isiyojua Pancha, na Hawa Ndio Wasee Walioitengeneza

Kama umewahi kubebwa na nduthi ikapata pancha saa tano usiku, mahali hakuna taa wala fundi, unajua vile roho hushuka. Sasa skia hii: kuna wasee Marekani wametengeneza tairi ya chuma. Haina tyubu, haina hewa, na ukiikanyaga ikabonyea inarudi fiti yenyewe.

Bosi wao ni Earl Cole. Kama ulikuwa unatazama Survivor, ile shoo ya kutupa watu kisiwani wang'ang'ane hadi abaki mmoja, huyu ndiye alishinda ile ya Fiji mwaka wa 2007. Alizoa kura zote 9 za mwisho, kitu ilikuwa haijawahi tokea, na akaenda home na dola milioni 1. Mwaka wa 2020 yeye na Brian Yennie, ambaye ndiye kichwa cha upande wa ufundi, wakaanzisha The SMART Tire Company. Tairi yao ya baiskeli inaitwa METL.

Lakini tusidanganyane. Kabla ya Survivor, Earl alikuwa mtu wa matangazo. Hii chuma hakuivumbua yeye. Stori yake imeanza kitambo.

Rudi miaka ya 1959 hadi 1961, maabara ya jeshi la majini huko Maryland. William Buehler alikuwa anasaka chuma ya kuvumilia joto kwenye ncha ya kombora. Akachanganya nikeli na titani. Siku moja kipande chake kilichokunjwa-kunjwa kikapitishwa mkutanoni, kila mtu akikibonyeza aone kama kitavunjika. David Muzzey, mmoja wa wakubwa, akakiwashia laita yake ya kiko. Kipande kikajinyoosha chenyewe mbele ya mabosi! Baadaye Frederick Wang ndiye alikaa chini akachambua atomi zake zinafanya nini. Wakaiita Nitinol, yaani nikeli, titani na herufi za kwanza za jina la maabara yao.

Sasa inafanyaje? Chuma ya kawaida ukiikunja sana, atomi zinahama viti, na zikishahama hazirudi. Ndio maana rimu ikipinda imepinda. Kwa Nitinol hakuna anayehama. Atomi zote zinaegemea upande mmoja pamoja, kama abiria wa mathree ikikata kona. Kona ikiisha, kila mtu anakaa wima. Ukibadilisha kipimo kidogo tu, unapata aina inayongoja joto ndio irudi, kama ile ya laita, ama aina inayorudi papo hapo ukiiachilia. Hiyo ya pili inaweza kuvutwa karibu asilimia 8 na irudi sawa, wakati chuma ya kawaida haifikishi hata 1. Na si kitu geni mtaani: zile waya za meno mastaa wanazirusha kwa picha, nyingi ni hii hii.

Kutoka hapo twende NASA Glenn, jimbo la Ohio. Gari la Curiosity lilitua Mars mwaka wa 2012, na mawe ya huko yakaanza kutoboa magurudumu yake ya alumini. Injinia Colin Creager alikuwa anajaribu tairi za springi za chuma, lakini kila wakati waya zinabonyea na kubaki hivyo. Kwa bahati akakutana na Santo Padula, mtaalamu wa hizi aloi, aliyekuwa kwa maabara hiyo hiyo. Padula akaangalia shida akasema dawa anayo. Mmoja alijua tairi, mwingine alijua chuma. Wakashona springi kwa nikeli na titani, na tairi ikaweza kubonyezwa hadi karibu na ekseli, halafu inarudi.

Hapo ndipo Earl na Yennie waliingia, wakafanya makubaliano na NASA ili hiyo kitu itoke Mars ije barabarani.

Je, nduthi yako itaipata lini? Tulia kwanza. Nikeli na titani ni ghali, na kuichonga ni kazi ngumu. Hiyo bei ndio mlima wamebaki nao.

Mimi niliachia college njiani, so ningependa sana kuwaambia shule haina maana, cheki Earl. Lakini bila Padula aliyesoma hizo aloi miaka nenda miaka rudi, Earl angekuwa anauza hewa. Na bila mtu wa kuuza, tairi ya Padula ingebaki maabara ikingoja safari ya Mars. Kama hujasoma kitu, si mwisho. Tafuta aliyekisoma, mheshimu, na umlipe.