Nani 'alihudhuria' mechi? Tofauti ya shabiki, mtazamaji na mla nyama

Jumapili moja nilikuwa nyumbani Dundori, nimejifunika blanketi miguuni kwa sababu ya baridi yetu ile, vijana watatu wakapiga hodi. Nawajua tangu wakiwa darasani kwangu. Mmoja ni mweka hazina wa timu ya kandanda ya mtaa, wa pili ni katibu, wa tatu huchoma nyama kando ya uwanja siku za mechi. Nilidhani wamekuja kuniomba mchango. La, walikuwa wamekuja na ugomvi.

"Mwalimu, tuamulie," akaanza mweka hazina hata kabla ya kuketi. "Huyu ameandika kwa ripoti ati watu mia nne walihudhuria mechi. Kiingilio ni hamsini. Watu wamepiga hesabu, wamepata elfu ishirini. Mimi nilipeleka elfu nne mia tano. Sasa kila mahali nikipita naitwa mwizi. Hata mama ameulizwa sokoni."

Katibu naye hakukubali kosa. "Watu walikuwa mia nne, Mwalimu. Nilihesabu mwenyewe. Magari yalijaa mpaka kule kwa stage."

Nikauliza waliopita langoni walikuwa wangapi. Tisini. Na hao wengine mia tatu na kumi? Hao, wakanieleza, walikuwa upande wa pili wa ua wa kayaba: pikapu zimefunguliwa nyuma, nyama iko motoni, viazi karai vinatolewa, muziki unavuma. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya mechi, lakini hawakuingia uwanjani.

Mchoma nyama akasikia kama ametukanwa. "Na sisi tulikuja game! Bao la pili tulipiga kelele kuwashinda hao wako wa ndani. Kwani shabiki ni tiketi?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ugomvi ulionekana kuwa wa pesa, ila chanzo chake kilikuwa kitenzi kimoja tu kilichotumiwa bila kupimwa: *kuhudhuria*.

Kitenzi hiki tumekipata kutoka Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kuwapo mahali. Mzizi huo umetuzalia ukoo mkubwa. Hadhira ni watu waliopo mbele ya msemaji au mchezaji. Hadharani ni mbele ya watu. Mhadhara ni hotuba ya kitaaluma inayotolewa mbele ya waliokusanyika, na anayeitoa chuoni ni mhadhiri. Mahudhurio ni ile hali ya kuwapo, au idadi ya waliokuwapo. Hapa msomaji asiyachanganye maneno haya na *tahadhari* na *hadhari*, ambayo yanafanana nayo kwa sauti tu. Katika Kiarabu mizizi hiyo miwili inatofautishwa kwa herufi mbili mbalimbali, ambazo sisi tumeziandika zote kwa *dh*. Hata hivyo, katibu wetu angefaidika kama angekuwa na tahadhari zaidi alipokuwa akiandika mahudhurio.

Jambo la sarufi kwanza. Kuhudhuria huchukua yambwa yake moja kwa moja. Tunasema *alihudhuria mechi*, *walihudhuria mazishi*, *nilihudhuria mkutano*. Mtindo wa kusema "alihudhuria kwa mechi" au "walihudhuria kwenye mkutano" umeenea sana redioni na hata magazetini, lakini kihusishi hicho hakina kazi pale. Kitenzi chenyewe kimeshabeba uhusiano na jambo linalohudhuriwa.

Na hapo ndipo maana inapojitokeza. Mtu hahudhurii mahali, huhudhuria jambo. *Kufika uwanjani* ni habari ya miguu. *Kuhudhuria mechi* ni habari ya kuwa miongoni mwa wale ambao jambo linafanyika mbele yao. Wengi wetu neno mahudhurio tulikutana nalo kwanza shuleni, mwalimu akiita majina asubuhi. Mtoto aliyekuwa nje chini ya mkaratusi, hata kama alikuwa akichungulia dirishani na kuyajibu maswali yote, aliandikwa hayupo. Mahudhurio, katika masikio ya Mkenya wa kawaida, ni hesabu rasmi ya waliongia. Kijiji kiliposoma "watu 400 walihudhuria" kilielewa kwamba watu 400 walipita langoni. Hakikukosea. Kilisoma Kiswahili kama kinavyosomwa.

Lakini je, mchoma nyama naye alikosea? Tuyatazame maneno mengine mawili yanayotumiwa kana kwamba ni pacha: *shabiki* na *mtazamaji*.

Mtazamaji ni nomino inayotokana na kitenzi tazama. Hutaja kitendo tu. Anayetazama ni mtazamaji, awe anaipenda timu au anaichukia. Refa wa akiba ameketi pale anatazama. Polisi aliyetumwa kulinda usalama akigeuza uso kuelekea uwanjani, naye ni mtazamaji. Shabiki hutaja moyo. Ni mtu mwenye mapenzi makali kwa timu, mchezo au hata mwanasiasa. Nyanya yangu alipokuwa hai aliisikiliza mechi redioni huku akimenya viazi, na hakuwahi kukanyaga uwanja maishani mwake. Hakuwa mtazamaji wa mechi hata moja, lakini ole wako umwambie hakuwa shabiki.

Nitoe angalizo la umbo. Wapo wanaosema "mshabiki" na "washabiki". Wanavutwa na mfano wa mchezaji, mfuasi na mtazamaji, wakaona binadamu hawezi kukosa *m-* mwanzoni. Umbo lililozoeleka katika maandishi sanifu ni *shabiki*, wingi *mashabiki*, kama ilivyo rafiki na marafiki, na upatanisho wake ni wa viumbe: shabiki huyu, mashabiki hawa. Neno lenyewe pia lina kivuli. Tukihama uwanjani tukaenda kwenye siasa, *ushabiki* huwa lawama: ni kuunga mkono bila kufikiri. Hivyo anayesema "mimi ni shabiki" anasifu moyo wake na papo hapo anakiri kwamba moyo huo hausikilizi hesabu.

Ndugu zetu wa Tanzania wamelipangia jambo hili ngazi, nasi tunaweza kujifunza. Viongozi wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa 1936, wakihutubia watu wao husema "wanachama, wapenzi na mashabiki". Si mapambo ya hotuba. Mwanachama ana kadi na hulipa ada, naye ana haki ndani ya klabu. Mpenzi anaitakia klabu mema. Shabiki ndiye mwenye kelele. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, lakini hakuna anayechanganya kadi na kelele siku ya kupiga kura.

Sasa nirudi kwenye nyama, maana hilo si jambo la Dundori peke yake. Shuka Nakuru mjini wakati wa Prinsloo, mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande yanayofanyika katika uwanja wa Nakuru Athletic Club. Kila mwaka ugomvi ni ule ule: kuna wanaojua matokeo, na kuna wanaomjua DJ tu. Wa kwanza huwaita wa pili walevi. Wa pili huwaita wa kwanza wazee. Lakini uchunguze mchezo wenyewe. Kipindi kimoja cha raga ya saba ni dakika saba. Mechi nzima ni dakika kumi na nne na mapumziko mafupi, kisha timu yako hukaa muda mrefu ikingoja zamu. Mchezo wenye mapengo ya namna hiyo hauwezi kukosa karamu ya kuyajaza.

Nenda Naivasha uone jambo hilo likikua. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikatoka katika mashindano ya dunia baada ya 2002, na iliporejea humo mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha, hapa hapa katika kaunti yetu. Gari la mashindano hukupita kwa sekunde chache, likakuachia vumbi na dakika kadhaa za kungoja lingine. Haikuchukua muda "kwenda Vasha" kukawa na maana mbili: kwa wengine ni kwenda kuona magari, kwa wengine ni kwenda kwenye starehe ambayo magari yako karibu nayo.

Walioifanya desturi hii kuwa taasisi kamili ni Wamarekani, katika mchezo wao wa kandanda ya vyuo vikuu. Mechi ya kwanza ya vyuo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo huo ilichezwa Novemba 6, 1869, kati ya Rutgers na Princeton. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi ya watu 107,601, ilhali mji wa Ann Arbor ulipo una wakazi wanaozidi 120,000 kidogo tu. Fikiria siku hiyo barabara zilivyo. Timu hucheza nyumbani mara chache kwa msimu, kwa kawaida Jumamosi, na watu husafiri kutoka mbali. Anayetaka kuepuka msongamano hufika mapema, na anayefika mapema huona njaa. Basi hufungua mlango wa nyuma wa gari, akaulaza kama meza, akawasha jiko. Jina la desturi hiyo kwa Kiingereza limetokana na mlango huo. Na huko nako hoja ni ile ile ya mchoma nyama wetu: anayekula nje saa tano, asiingie uwanjani au aondoke wakati wa mapumziko, ana haki ya kujiita shabiki?

Sisi tuliite nini jambo hili? Tukisema "sherehe ya nje ya uwanja" tumeeleza, lakini hatujataja. Vijana wangu wana neno lao. Wao husema *kufungua buti*. "Leo tunafungua buti saa sita." Neno buti kwa maana ya sehemu ya mizigo nyuma ya gari lilishaingia katika usemi wetu zamani, nami sioni sababu ya kulikimbia. Kiswahili kina mazoea ya kuacha mahali papewe heshima ya kuita jambo. Baraza ilikuwa sehemu ya mbele ya nyumba ambapo watu huketi na kupokea wageni. Leo tuna baraza la chifu na Baraza la Mawaziri. Ikiwa kibaraza kiliweza kuzaa serikali, buti haliwezi kushindwa kuzaa karamu. Napendekeza *karamu ya buti*, na washiriki wake tuwaite *wanabuti*, kwa mfano wa wanasoka na wanaraga.

Tukishakuwa na jina, hesabu inakuwa nyepesi. Nilimwambia katibu alete daftari. Tuliifuta sentensi yake tukaandika upya: "Watu 90 walilipa kiingilio na kuhudhuria mechi. Wanabuti takriban 310 walikuwa nje ya ua, hawakutozwa chochote." Tisini mara hamsini ni elfu nne mia tano. Mweka hazina aliisoma mara mbili. Hakusema kitu, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Mchoma nyama ndiye aliyebaki na neno. "Kwa hivyo sisi si mashabiki?"

Nikamjibu kwamba yeye ni shabiki, hilo sitamnyang'anya. Pengine wakati wa bao la pili alikuwa hata mtazamaji, kama aligeuka na kuchungulia juu ya kayaba. Lakini hakuhudhuria. Moyo wake ulikuwa ndani, mguu wake ulikuwa nje, na mfuko wake ulikuwa kwenye nyama. Timu inayohitaji nauli ya kwenda kucheza ugenini haiwezi kumlipa dereva wa matatu kwa kelele za mashabiki.

Akacheka. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti ya mfanyabiashara, kama timu ingekubali magari yalipie kuegesha. Shilingi mia kwa gari, na yeye mwenyewe atoe kitu kidogo kwa kila mechi. Wenzake wakatazamana. Kwa mara ya kwanza alasiri ile walikuwa wakizungumza jambo moja.

Sentensi mpya ilisomwa mkutanoni wiki iliyofuata. Nimeambiwa wengi waliridhika, ingawa wachache bado wananong'ona, kwa maana jina la mtu likishachafuliwa halioshwi kwa maji ya siku moja. Ndiyo sababu nawasihi makatibu wa timu, vyama, makanisa na kamati za mazishi: kabla hujaandika *walihudhuria*, jiulize walifika, walitazama, walishabikia, au walilipa. Vitenzi hivyo vinne vipo tayari na havigharimu chochote. Anayegharimika ni mweka hazina unapomwandikia kimoja badala ya kingine.