Mutoto akipiga kidevu chini, tuangalie mbele ya sikio

Mutoto anapanda muembe, anateleza, anapiga kidevu chini. Munganga anashona kidonda, kesho yake mutoto anarudia mchezo. Siye wazazi tunasema: imekwisha. Mara ingine haijaisha.

Tuweke kidole mbele ya sikio, tufungue kinywa. Kile chenye kinacheza pale ni kichwa cha mufupa wa taya. Juu yake kuna gegedu, ule mufupa mulaini, ndugu ya ule wa sikio. Kwa mutoto, pale ndipo taya inapata urefu.

Kazi yake inafanana na ya ekipe chini ya mugodi. Mbele kuna seli changa zenye kugawanyika, moja inazaa mbili. Zenye kufuata zinatengeneza gegedu. Za nyuma zaidi zinavimba, chokaa inazikamata, mishipa ya damu inaingia, na penye palikuwa gegedu panabaki mufupa. Seli zingine za gegedu zinageuka zenyewe kuwa za mufupa. Na sababu kichwa kile kimeegemea fuvu, kikiongezeka, taya inasogea chini na mbele. Kazi hiyo inaanza mutoto akiwa tumboni, karibu mwezi wa 3, na kwa kijana mwanaume inaweza kufika miaka 18 ao 20.

Sasa, kidevu kikigonga chini, nguvu inapanda mpaka kwa kichwa kile. Kinaweza kuvunjika bila kidonda kuonekana pale. Kisipoangaliwa, kinaweza kushikamana na fuvu: kinywa hakifunguke tena, upande ule unabaki mufupi, kidevu kinapinda.

Basi tuangalie. Mutoto akifungua kinywa, kidevu kinaenda upande? Meno hayakutane kama zamani? Anaumia mbele ya sikio? Vidole vyake 3 haviingie tena kati ya meno? Hata jambo moja tu, tumupeleke lopitali, tuombe radio ya taya.

Tusimufunge taya na kitambaa kwa majuma. Kwa watoto, mara mingi munganga anaacha mufupa ujiunge wenyewe, lakini anaomba kinywa kichezeshwe mapema, juu gegedu ya mutoto ingali na nguvu ya kujenga tena.

Kidonda cha kidevu kinapona haraka. Taya, tuifuate paka mutoto akomae.