Polepole Hataki Nyenje

Sogeeni, watoto wangu, kaeni hapa kwenye mkeka. Leo nina habari za mgeni aliyegoma kula.

Mgeni huyu anaitwa Polepole. Ni kinyonga wa kijani, mwenye mapindo mawili ya ngozi nyuma ya kichwa. Wataalamu wa wanyama humwita Chamaeleo dilepis, na ndugu zake wametapakaa kutoka Kongo yetu hadi Afrika Kusini. Mpwa wangu alimwokota hapa Pangi, katikati ya barabara iendayo Kalima, kabla pikipiki hazijampitia juu. Akamweka ndani ya tenga la kuku. Bibi yake alipomwona, akakimbilia jikoni na kufunga mlango. Wazee wengi humwogopa kinyonga, ingawa hana sumu hata tone.

Siku ya kwanza mtoto akampa bugali na sombe. Polepole akazungusha jicho moja huku, jingine kule. Hakula.

“Mjomba, hapendi sombe ya mama?”

Swali zuri hilo! Hebu tumuulize mwenyewe.

“Mimi nala kinachotembea,” akasema Polepole. “Bugali wenu hautembei.”

Kweli kabisa. Yuko binamu yake kule Yemeni anayetafuna hata majani, lakini huyu wa kwetu anataka wadudu, tena walio hai. Mtoto akaenda kuwinda, akarudi na nyenje. Nyenje akatembea. Ulimi ukatoka, fyuu! Nyenje hayupo.

“Mjomba, ulimi ule umepakwa gundi?”

Karibu na hivyo, mwanangu. Kwanza, ulimi wenyewe ni mrefu kuliko kiwiliwili chake. Pili, ncha yake ina mate mazito. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa waliyapima mate ya kinyonga, wakaona ni mazito mara 400 hivi kuliko yetu sisi watu. Ukiguswa na mate hayo, umekwisha.

Basi, nyenje asubuhi. Nyenje kesho. Nyenje keshokutwa. Siku moja Polepole akafumba mdomo.

“Nyenje tena? Sili.”

“Mjomba, huyu anadeka!”

Anadeka kidogo, ndiyo. Vinyonga huchoka na chakula kimoja, kama wewe unavyonuna ukiona maharagwe siku ya tatu. Lakini kugoma kwake kumetufaa, maana nyenje peke yake hamtoshi. Kwa nini? Umeiona ile nyumba inayojengwa karibu na kanisa? Fundi alisimamisha miti kwanza, akafunga fito, ndipo akakandika udongo. Sasa, nyenje analeta udongo mwingi na miti michache. Ana nyama, ana fosforasi tele, lakini kalsiamu, ile ya kujenga mifupa, anayo kidogo sana. Ukikandika udongo pasipo miti, ukuta utafika wapi? Utalala chini. Na kinyonga anayekula nyenje watupu miguu yake hupinda, taya hulegea, mwisho ulimi wenyewe haufiki kwa mdudu.

“Kwa hiyo amegoma kwa sababu anajua?”

Hapana, hajui lolote. Amechoka tu.

“Hiyo miti tutaitoa wapi, Mjomba?”

Ah, hapo ndipo ninapopenda akili yako! Ulaya wanauza unga wa kalsiamu kwenye kopo. Sisi tuna maganda ya mayai. Chemsha maganda, yaanike juani yakauke, yatwange kwenye kinu, kisha yachekeche mpaka yawe laini kabisa. Weka unga kidogo kwenye mfuko, tia nyenje, tikisa. Nyenje anatoka mweupe.

“Huyu ni nani?” akauliza Polepole. Na kabla hajajibiwa, fyuu!

Bado kuna fundi wa kufunga fito. Fundi huyo ni jua. Jua likimpiga kinyonga kwenye ngozi, mwili wake hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu hupita tumboni bila kuingia mwilini. Jua lenyewe liwe la asubuhi, na kivuli kiwe karibu ili aweze kukimbilia. Tena liwe jua la nje, maana kioo cha dirisha huzuia ile miale anayoihitaji.

Sasa sikilizeni siri, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anayekula nyenje, anakula alichokula nyenje. Kwa hiyo mlishe nyenje kwanza! Siku moja kabla, mpe lengalenga, matembele na kipande cha papai.

“Na majani ya muhogo?”

Mabichi hapana. Yana sumu, ndiyo maana mama huyatwanga na kuyachemsha muda mrefu kabla hujaiona sombe kwenye sahani.

Kisha badilisha wageni wa mezani. Leo nyenje, kesho panzi, siku nyingine nzi au kiwavi asiye na manyoya. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, mpe wachache tu. Wana mafuta mengi, na Polepole hana breki mbele ya kumbikumbi. Mwenyewe nawafahamu watu wazima wa aina hiyo. Vimulimuli usimpe kamwe, wala mdudu wa shamba lililopigwa dawa. Na mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili.

Maji? Bakuli halitazami hata kidogo. Nyunyizia majani, naye atalamba matone.

Mdogo hula kila siku. Mkubwa hula wadudu wachache, siku moja ale, siku moja apumzike. Akikaribia kujivua ngozi anaweza kukataa chakula, na jike mwenye mayai vilevile, kwa hiyo usimlazimishe. Ila macho yakibonyea ndani, jua kwamba ana kiu. Na jioni toa nyenje wote waliobaki kwenye tenga, maana usiku hung'ata kinyonga aliyelala.

Kwa maoni yangu, kazi yote hii ingepungua kama angekaa kwenye mpera wa uani badala ya tenga. Pale wadudu wa kila aina hupita, na jua ni la bure. Mpwa wangu anabisha. Anasema Polepole akiachiwa, atahamia kwa jirani. Nami nikamuuliza, kwa mwendo ule, atamfikia jirani lini?