Banana: Ulimi wa Mchanga Mwishoni mwa Mto Kongo
Maji ya mto Lualaba yanayopita karibu na mji wa Kolwezi, pamoja na yale ya mto Lulua yanayotoka upande wa Musumba na kuingia mto Kasai, hukutana hatimaye katika mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki huko Banana, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Banana imejengwa juu ya ulimi wa mchanga, yaani ukanda mwembamba wa nchi kavu ulioshikamana na pwani upande mmoja na kuchomoza majini upande wa pili. Ukanda wa namna hii huundwa pale mawimbi yanapopiga ufuo kwa mshazari na kuusogeza mchanga kidogo kidogo, hadi unapotua mahali ambapo nguvu ya maji inapungua.

Katika maji tulivu ya mlango wa mto, ambapo chumvi huchanganyika na maji baridi, humea mikoko, miti ambayo mizizi yake iliyoinuka juu ya tope huzuia mmomonyoko na kuwahifadhi samaki wachanga na kaa. Humo huishi nguva wa Afrika, mnyama mkubwa anayekula mimea na kunyonyesha watoto wake, ilhali kasa hupanda fukwe za mchanga kutaga mayai.

Hifadhi ya mikoko ya Muanda, iliyo katika mlango huu wa mto na kuundwa mwaka 1992, inawalinda viumbe hao. Hata hivyo, ukataji wa miti kwa ajili ya makaa, uchimbaji wa mafuta na ujenzi wa bandari mpya ulioanza mwaka 2022 vinadai uangalifu mkubwa, kwa kuwa pwani yote ya nchi ni takriban kilomita 40 tu.