Injini ya Dizeli Inapochemka Mlimani

Dereva atokaye Morogoro kwenda Iringa, akiisha kupita Ruaha Mbuyuni, hukutana na Mlima Kitonga. Hapo barabara hupanda kwa kujipindapinda ubavuni mwa mlima, na malori yenye mizigo hukokota kwa gia ndogo, moja nyuma ya jingine. Si jambo la ajabu kuona gari dogo la dizeli limeegeshwa kando, boneti imefunguliwa, mvuke unapanda, na abiria wakiulizana nani ana maji.

Fundi atakayeitwa aghalabu huja na jibu lake tayari: themostati itolewe, itupwe, kwani nchi za joto haziihitaji. Mwenye gari naye akifika mjini huenda akanunua rejeta mpya kwa fedha nyingi. Gari laweza kuchemka tena katika safari ifuatayo baada ya kufanyiwa yote mawili. Jambo hili halina uchawi wowote. Mwanafunzi wa sekondari anayejua kukokotoa joto mahususi anaweza kulieleza vizuri kuliko mafundi wengi.

Hesabu ya joto

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa joto lipatalo megajuli 36. Ikiwa gari linatumia lita 12 kwa saa wakati wa kupanda, basi linapokea megajuli 432 kwa saa, yaani kilowati 120. Karibu theluthi moja ya nishati hiyo hugeuka kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Sehemu nyingine kubwa hutoka pamoja na moshi katika ekzosi. Takriban robo hupenya kuta za silinda na kuingia katika maji, na robo hiyo ni kilowati 30. Ni kana kwamba majiko 30 ya umeme, kila moja la kilowati moja, yamewashwa kwa pamoja chini ya sufuria moja yenye lita 10 za maji.

Maji hayo lazima yatembee. Pampu ikiyasukuma kwa kiasi cha lita moja kila sekunde, na kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili kupanda digrii moja, maji yatapata joto la digrii 7 hivi kila yanapozunguka injini, na kuzipoteza digrii hizo hizo yanapopita katika rejeta. Mzunguko ukisimama, mkanda wa feni ukikatika mathalani, maji peke yake yangepanda kutoka nyuzi 85 hadi 110 za Sentigredi kwa muda wa sekunde 35. Chuma cha injini hufyonza sehemu ya joto na kuchelewesha mambo kidogo. Hata hivyo, dereva asiyetazama geji yake ana dakika chache tu kabla ya kuharibu injini.

Kazi ya themostati

Themostati ni vali inayofunguliwa na nta. Ndani ya kikopo kidogo cha shaba mna nta ambayo huyeyuka na kutanuka ifikapo halijoto fulani, nayo husukuma kijiti kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Halijoto hiyo, kwa kawaida nyuzi 82 au karibu yake, hupigwa chapa juu ya kifaa chenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa. Silinda zikiwa baridi mno, mafuta hayaungui vema, moshi huzidi, na silinda huchakaa upesi. Kwa hiyo themostati ina kazi hata Dar es Salaam.

Lakini yako makosa makubwa zaidi katika kuitupa. Injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Themostati za injini hizo zina visahani viwili: kimoja kinapofungua njia ya rejeta, kingine huiziba ile njia ya mkato. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji yaliyo moto itaendelea kuzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta, na gari lililokuwa likichemka mlimani tu sasa litachemka hata tambarare.

Kuipima ni jambo jepesi, na walimu wangeweza kulifanya somo la maabara. Themostati ifungwe uzi na kuning'inizwa ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasipo kugusa kitako cha sufuria. Maji yapashwe moto polepole huku yakikorogwa. Wanafunzi waandike halijoto ambayo vali inaanza kufunguka, kisha waache maji yapoe na waandike inapofunga. Isiyofunguka hata maji yanapokaribia kuchemka ni mbovu. Nyingine iliyotupwa na fundi itaonekana kuwa nzima kabisa.

Kifuniko na mvuke

Kifuniko cha rejeta ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na pengine ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kwa karibu digrii moja kila meta 300 za kupanda. Iringa, iliyo karibu meta 1,600 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko chenye springi ya kuzuia kanieneo la angahewa 0.9 zaidi ya hewa ya nje hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119 pwani, na 116 huko Iringa. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, dereva amepoteza digrii 20 nzima bila ya kujua, na atailaumu rejeta.

Hatari yake ni kubwa pia. Chukua maji lita 10 yaliyofika nyuzi 110 chini ya kanieneo, pwani, kisha mtu akafungua kifuniko. Ghafla maji hayaruhusiwi kuzidi nyuzi 100. Joto la digrii 10 zilizosalia, yaani kilojuli 420, hugeuza gramu 190 hivi za maji kuwa mvuke, na mvuke huo unahitaji nafasi ya lita 300 na zaidi. Hutoka kwa kishindo, ukiyabeba maji ya moto usoni na mikononi mwa aliyefungua. Kitambaa kizito hakitoshi kuwa kinga. Injini izimwe na kuachwa hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Nusu saa mara nyingi haitoshi. Wala maji baridi yasimwagwe katika injini ya moto, kwa maana chuma huweza kupasuka.

Kutafuta kabla ya kununua

Namna gari linavyochemka huonyesha mahali pa kutazama. Likichemka katika foleni za mjini na kupoa likikimbia, upungufu ni wa upepo: feni, mkanda wake, au mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi na wadudu. Likichemka kwa kazi nzito tu, maji hayatembei ya kutosha au mirija ya rejeta imepata ukoko. Ukoko wa chokaa hutokana na kutia maji ya visima yenye chumvichumvi mwaka hata mwaka. Milimita moja ya ukoko huo huzuia joto kama chuma chenye unene wa milimita 25 au zaidi. Rejeta ya namna hiyo ikiguswa kwa uangalifu baada ya safari fupi, huwa na madoa ya baridi. Pampu ya maji iliyochoka hudondosha maji katika tundu dogo lililo chini ya shafti yake. Tundu hilo lisizibwe kwa gundi, kama wafanyavyo wengine.

Baki moja la kuogopwa, nalo ni gasketi ya silinda hedi. Katika dizeli hewa hubanwa hadi sehemu moja ya ishirini hivi ya ujazo wake, kwa hiyo ufa mdogo hutosha kupenyeza gesi ndani ya maji. Injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, na mpira wa juu ukawa mgumu mara moja, au mapovu yakatoka mfululizo katika rejeta, rejeta mpya haitasaidia. Injini nyingi zina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Hedi yenye urefu wa milimita 600 ikipanda digrii 100 hurefuka milimita 1.4, na chuma kilicho chini yake hurefuka nusu ya kiasi hicho. Kuchemka mara moja kwaweza kuipinda hedi, na kuinyoosha hugharimu kuliko themostati, kifuniko, mipira na mkanda kwa pamoja.

Vifaa vikishabadilishwa, maji safi yaliyochanganywa na kulanti yatiwe polepole. Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, hivyo ina kazi hata pasipo na barafu. Injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ingali baridi, hadi mpira wa juu upate moto ghafla, yaani themostati imefunguka, na hewa iliyojificha itoke. Maji yaongezwe, kifuniko kifungwe. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kiasi cha maji kitazamwe tena, kwa kuwa karibu kila mara huwa kimeshuka kidogo.