Asili ya Taarabu ya Unguja

Neno taarabu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni msisimko wa moyo, uwe wa furaha au wa huzuni. Yasimuliwa ya kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilianza kwa nyimbo za Kiarabu. Kwa hiyo wako wasemao kuwa taarabu ni ya wageni. Lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay. Wimbo wake “Kijiti” walalamikia mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyeponyoka. Ala zilitoka ng’ambo. Malalamiko hayo yalikuwa ya Unguja yenyewe.