Kamyo ya njia ya Kazimia na sensa ya presha: tununue ama tuache?



Siku hizi vijana wengi wenye diploma hawangoji tena kazi ya ofisi. Wanacheza likelemba, wanaunga feza, wananunua pickup ama kamyo ndogo ya okazyo, na wanaanza kubeba ndakala, mihogo, mafuta ya ngazi na watu. Ni jambo zuri. Lakini kila mara kikundi kimoja kinaponunua motokari, swali hili linarudi: wauzaji wanatuonyesha vile visensa vya kufunga kwenye valvu, vinavyoonyesha presha ya mipira kwenye kioo kidogo mbele ya shofere. Je, ni vya lazima ama ni mapambo? Mimi nimesoma fizikia, na nimeuliza mashofere na makwado wa njia yetu. Tuangalie pamoja.

Kwanza, kitu hiki kilitoka wapi? Kufikia mwaka 2000 huko Marekani, watu wengi walikuwa wamekufa ndani ya magari ya Ford Explorer yenye mipira ya Firestone. Mupira ulikuwa unaachana tabaka kwa tabaka katika mwendo wa kasi, na gari linapinduka. Vifo vilivyohesabiwa vilipita 200, na mamilioni ya mipira yalirudishwa kiwandani. Mipira ile ilikuwa na kasoro zake, lakini presha ndogo, joto na mzigo viliongeza hatari. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Rais Clinton alitia sahihi sheria mpya, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lilipaswa kuwa na chombo cha kumuonya shofere presha ikishuka. Ulaya walifuata: magari madogo mapya yote tangu Novemba 2014, na kamyo na basi mpya zote tangu Julai 2024.

Kule kuna pia watu wenye nyumba za magurudumu, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani. Wao wanabishana swali letu hilihili. Gari lao ni zito kila siku, linasimama miezi mingi bila kutembea, na shofere akikaa mbele hasikii mupira wa nyuma unapolegea. Kwetu nyumba kama hizo hazipo, lakini kamyo ya njia ya Kalemie, Fizi na Baraka inafanana nayo sana. Shofere na konvuayere wake wanalala ndani yake, wanapikia chini yake, na wakati wa mvua wanaweza kukaa siku nyingi kwenye tope moja. Na mzigo wake unapita ule wa wazungu kwa mbali, juu unabeba bidhaa na watu wamekaa juu ya bidhaa.

Sasa fizikia kidogo. Si mupira unaobeba mzigo, ni hewa iliyo ndani. Hewa ikipungua, mbavu za mupira zinajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka. Chukua waya ukunje na kukunjua mara nyingi mahali pamoja: unapata moto. Mupira pia ni hivyo. Joto linapanda, gundi inayoshika tabaka inalegea, na mwisho unasikia mlio. Watu wanasema « jua limepasua mupira ». Mara nyingi jua limemaliza tu kazi ambayo presha ndogo ilianza asubuhi.

Hapa kuna desturi moja ambayo inafaa tuiache. Shofere anafika katikati ya safari, anagusa mupira, anaona una moto na umekuwa mgumu, anatoa hewa kidogo « usipasuke ». Tupige hesabu. Mupira wenye kilo 3 asubuhi, hewa ikiwa na digrii 20, utapanda hadi karibu kilo 3 na nusu hewa ya ndani ikifika digrii 60. Ni kawaida, mupira umetengenezwa kwa kuvumilia hilo. Ukitoa ile nusu kilo njiani, kesho asubuhi utabaki na kama 2,5. Halafu unapanda mlima wa Fizi na mzigo uleule. Umetengeneza wewe mwenyewe hatari uliyokuwa unaikimbia. Ndiyo sababu presha inapimwa asubuhi, mbele ya kuanza mwendo, mipira ikiwa baridi.

Je, sensa inasaidia wapi? Inasaidia sana kwenye mipira ya pacha, ile ya nyuma ya kamyo inayokaa miwili miwili. Mmoja ukitoka hewa, mwenzake unabeba mzigo wa yote miwili, na gari linaendelea kama vile hakuna shida. Shofere hasikii kitu. Ule wa kwanza unasuguana, unapata moto, na kuna kamyo zimeshika moto kwa namna hiyo. Kupiga mupira kwa chuma ama teke kunakuambia tu kama umelala kabisa. Masikio hayawezi kutofautisha kilo 7 na kilo 5. Sensa inaweza.

Lakini ina mipaka, na mipaka hiyo kwetu ni mikubwa.

Moja, taa za magari mengi zilifuata kipimo cha Marekani: zinawaka presha ikishuka robo nzima. Kwa mupira wa kilo 3, ni 2,25. Kwenye lami na mzigo mdogo, sawa. Kwenye mawe na mzigo wetu, umeshachelewa. Ukinunua kile cha valvu, chagua kinachoonyesha namba, na weka wewe mwenyewe kiwango cha kuonya.

Mbili, sensa iliyofungwa nje ya valvu inakutana na mawe, tope, na mikono ya watu kwenye parking. Ikivunjika pamoja na valvu, sasa ni yenyewe imekutolea hewa. Ile ya ndani ya mupira imekingwa, lakini betri yake inaishi miaka michache tu, na kuibadilisha lazima kutoa mupira kwenye rimu. Ndiyo maana magari mengi ya okazyo yanayotoka Ulaya yanatufikia na taa ya manjano inayowaka daima. Jua tofauti: taa ikipepesa kwa dakika moja hivi na kisha kubaki, mara nyingi chombo chenyewe kimekufa. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, mupira ndio una njaa.

Tatu, sensa haioni mupira uliokatwa, uliokwisha meno, wala uliozeeka. Kwetu mipira mingi ni ya okazyo, kwa hiyo jifunzeni kusoma. Pembeni, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tafuta pia namba ya mzigo: 100 ni kilo 800 kwa mupira mumoja, na si moja zaidi. Mupira wenye sura nzuri uliotengenezwa miaka kumi na mbili iliyopita usikudanganye kwenye soko.

Nne, na hii ndiyo kubwa: sensa haitii hewa. Ikilia kati ya Kazimia na Fizi, mahali ambapo hakuna kwado, utafanya nini na habari hiyo kama huna pompi?

Basi jibu langu kwa kila mmoja wetu. Mwenye moto ya kubeba watu: acha sensa. Una mipira miwili, inaonekana, na manometa ndogo inatosha. Mwenye pickup: nunua kwanza manometa nzuri, halafu pompi inayotumia betri ya gari, halafu vyombo vya kuziba tundu na mupira wa akiba wenye afya. Bei ya manometa ni ndogo sana mbele ya bei ya mupira mumoja. Pesa ikibaki, ndipo ufikirie sensa. Mwenye kamyo ya mipira ya pacha inayobeba watu: baada ya vitu hivyo vyote, ndiyo, nunua, kwa mipira ya nyuma kwanza, na valvu za chuma, siyo za mpira.

Na kuna kitu kimoja kisicholipiwa. Madereva wa mashirika yanayofanya kazi Baraka wana mazoea ya kuzunguka gari kila asubuhi na karatasi mkononi: mafuta, maji, breki, mipira. Hatuhitaji kuwa shirika ili kufanya hivyo. Andikeni kwa rangi, juu ya kila gurudumu, presha inayotakiwa mkiwa na mzigo. Wekeni kadaftari ndani ya gari, shofere aandike namba kila asubuhi. Mupira unaopoteza kidogo kila siku utajionyesha ndani ya wiki moja, mbele ya kuwapasukia kwenye mteremko.

Ninaandika haya juu kamyo ya kikundi haibebi mali ya kikundi peke yake. Inabeba mama aliyekaa juu ya mifuko na mtoto mgongoni, inabeba mgonjwa anayeshuka Baraka kutafuta hospitali, inabeba samaki ambaye ndiye karo ya shule ya mwaka mzima. Hao wote hawawezi kupima mupira. Wanatuamini sisi tuliosoma.